SHANGA ZA KABURINI



Mwanakisomo mmoja wa Maganzo alitufuata baada ya darasa. Mkononi alikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa. Alipokikunjua tuliona ushanga mmoja mwekundu uliofifia, ukubwa wake kama punje ya mtama.

Alitueleza hivi. Yeye na wenzake walikuwa wakichimba mchanga wa almasi. Shimo lilipofika kimo cha kiunoni, sururu iligonga mifupa. Ilikuwa mifupa ya mtu. Pamoja nayo zilikuwapo shanga, nyingi tu. Waliogopa, wakakaa pembeni kidogo. Kisha mmoja akasema huenda hiyo ni mali. Basi, wakagawana. Mifupa ikaenda na kifusi. Kufika jioni shanga nyingine zilikuwa mikononi mwa watoto, nyingine zimechukuliwa na mganga, na nyingine hakuna aliyejua ziko wapi.

Ndugu yetu alikuwa na maswali matatu. Huu ushanga ni wa nani? Ni wa zamani kiasi gani? Je, una bei?

Tuliutazama sana. Tukaupeleka kwenye mwanga, tukaugeuza. Hatukuweza kujibu hata swali moja. Kwa nini tulishindwa? Hilo ndilo somo letu la leo. Ili tulielewe vizuri itabidi twende mbali kidogo: kwanza Misri, halafu kaskazini ya Kenya, kisha tutarudi hapa kwetu.

Wamisri wa kale na wafu wao

Misri iko kaskazini-mashariki ya Afrika. Mto wake ni Naili, na sehemu ya maji ya mto huo hutoka katika Ziwa letu la Viktoria. Watu wa Misri ya kale waliamini kwamba mtu akifa, anaendelea kuishi katika nchi nyingine. Huko atahitaji mwili wake. Atahitaji pia chakula, nguo, viti, na hata kazi za kufanya. Kwa hiyo waliutunza mwili usioze, na waliweka kaburini vitu vya safari.

Waliukaushaje mwili? Kwa magadi. Magadi ya Misri yalikuwa ndugu ya haya tunayoyajua sisi. Waliufunika mwili kwa magadi makavu siku nyingi, yakanyonya maji yote. Kisha waliuzungushia vitambaa vya kitani, tabaka juu ya tabaka. Maiti ya namna hiyo Waarabu waliiita kwa neno ambalo kwetu limekuwa "mumiani". Babu zetu walipowatisha watoto kwa jina la mumiani, walikuwa wakitumia neno lililotoka mbali sana.

Kati ya vile vitambaa waliweka hirizi. Nyingi zilikuwa ndogo kama ncha ya kidole. Ilikuwapo hirizi ya umbo la jicho, ya kulinda. Ilikuwapo ya umbo la fundo la mkanda, na ya umbo la nguzo ili uti wa mgongo usimame imara. Lakini iliyopendwa kuliko zote ilikuwa na umbo la mdudu. Mdudu gani? Yule mweusi anayeviringisha mavi ya ng'ombe njiani! Sisi tunampita bila kumwangalia. Wamisri walimwona anavyosukuma donge lake, wakasema ndivyo jua linavyosukumwa angani kila siku. Tena waliona wadudu wadogo wakitoka katika donge, wakasema huyu anajizaa mwenyewe. Basi wakamfanya ishara ya kuzaliwa upya.

Mdudu wa jiwe aliwekwa kifuani, juu ya moyo. Wamisri waliamini kwamba huko aendako marehemu, moyo wake utapimwa katika mizani pamoja na unyoya wa haki. Ukiwa mzito kwa maovu, mtu amekwisha. Nyuma ya yule mdudu waliandika maneno ya kuuamuru moyo usimtolee mwenyewe ushahidi mbaya. Ukifikiri sana, hii ni habari ya mshitakiwa anayemwogopa shahidi aliye ndani ya kifua chake.

Hirizi za matajiri zilikuwa za dhahabu na mawe ya thamani. Watu wengi lakini walitumia kitu cha bei nafuu chenye kung'aa, rangi ya kijani au buluu. Walikitengeneza hivi: walisaga lile jiwe jeupe gumu, ambalo wachimbaji wa Geita hulisaga katika makarasha wakitafuta dhahabu. Unga wake waliuchanganya na chokaa kidogo, magadi au majivu, na shaba ya kuleta rangi. Wakafinyanga umbo, wakachoma katika tanuri. Likatoka umbo lenye ngozi ya kioo. Kwa hiyo jiwe ambalo sisi tukishalisaga tunaliita marudio, wao walilifanya shanga.

Wafalme nao walizikwa na vinyago vidogo vya watumishi. Kazi ya vinyago hivyo ilikuwa kuitika. Mfalme akiitwa huko ahera akalime au abebe mchanga, kinyago kiitike: "Nipo mimi." Mfalme Tutankhamun, aliyekufa karibu miaka 3,350 iliyopita akiwa kijana wa miaka 18 au 19, aliwekewa vinyago 413. Hesabu yake ni hii: 365 vya kufanya kazi, kimoja kwa kila siku ya mwaka, wasimamizi 36, mmoja kwa kila siku kumi, na wengine 12, mmoja kwa kila mwezi. Kumbe hata mfalme aliuogopa msaragambo!

Kaburi la Tutankhamun lilifunguliwa na wachimbaji wa Howard Carter, Mwingereza, kuanzia Novemba 1922. Jeneza lake la ndani kabisa lilikuwa la dhahabu tupu, uzito wake karibu kilo 110. Katika vitambaa vya mwili wake peke yake kulikuwa na hirizi na mapambo 143. Kaburi zima lilikuwa na vitu zaidi ya 5,000. Na huyu hakuwa mfalme mkubwa. Tunajua habari zake kwa sababu makaburi ya wakubwa yote katika bonde lile yaliibwa zamani sana, na lake wezi waliliingia wakachukua kidogo tu.

Hesabu ya wezi wanane

Sasa tuulizane. Hirizi za Wamisri, je, ziliwazuia wezi? Hazikuwazuia. Hata mahakama za Misri zilijua hivyo. Imebakia hati ya kesi iliyosikilizwa karibu mwaka 1110 kabla ya Kristo. Mshitakiwa alikuwa mwashi, na jina lake Amenpnufer. Alikiri kwamba yeye na wenzake saba walitoboa kaburi la Mfalme Sobekemsaf kwa vyuma vya shaba. Walimkuta mfalme na malkia wake. Waliwavua dhahabu, pamoja na hirizi na vito vya shingoni. Kisha waliyatia moto majeneza.

Dhahabu waliigawanya sawasawa. Walipata vipimo 160 vilivyoitwa debeni. Mgawanyo wa watu wanane ni debeni 20 kila mmoja. Debeni moja ni karibu gramu 91. Chukua kalamu uzidishe: 20 mara 91 ni gramu 1,820. Yaani karibu kilo moja na robo tatu na ushee kwa mtu mmoja. Mchimbaji wa Geita ataelewa uzito wa hesabu hii haraka kuliko sisi.

Amenpnufer alikamatwa. Akampa karani wa mji debeni zake 20, akaachiliwa. Wenzake wakamchangia akapata fungu lingine, wakarudi kazini. Miaka 3,000 na zaidi imepita, na habari yenyewe haihitaji kufafanuliwa.

Tukiwa kwenye hirizi na migodi, kuna jambo ambalo kanda yetu haiwezi kulinyamazia. Hirizi za Misri zilikuwa jiwe, dhahabu na mchanga uliochomwa. Kwetu sisi, katika miaka ya 2000, matapeli waliwadanganya watu kwamba viungo vya binadamu wenye ualbino huleta dhahabu na samaki. Watu waliuawa, na watoto pia. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa mauaji ya mtoto mmoja. Hakuna jiwe la dhahabu lililosogea kwa ajili ya damu hiyo.

Mkono uliofichwa ukutani

Turudi Misri. Kuna kisa kimoja ambacho tungependa kila mchimbaji akijue.

Mahali paitwapo Abydos walizikwa wafalme wa kwanza kabisa wa Misri. Mmoja wao ni Djer, wa karibu miaka 5,000 iliyopita. Kaburi lake liliibwa, likachomwa moto. Kati ya mwaka 1900 na 1901 alifika hapo mtaalamu Mwingereza, Flinders Petrie, akiwa na wachimbaji wa vijiji vya Misri. Wachimbaji wakaona katika tundu la ukuta mkono wa maiti uliofungwa vitambaa. Yaelekea mwizi mmoja aliuchomeka pale, asirudi tena. Kwenye mpasuko wa kitambaa waliona kitu kinang'aa. Dhahabu!

Fikiri wewe ungefanya nini. Watu wale hawakukifungua kitambaa. Waliubeba mkono kama ulivyo wakampelekea Petrie. Kilipofunguliwa polepole, zilionekana bangili nne zimepangwa moja baada ya nyingine: dhahabu, mawe ya buluu, ya kijani, ya zambarau. Kila ushanga ulikuwa mahali pake, kwa mpango ule ule aliouacha fundi wa miaka 5,000 iliyopita. Kabla ya hapo, shanga kama hizo zilikutwa zimetawanyika, na hapakuwa na njia ya kujua zilitungwaje. Petrie alipima dhahabu ya bangili akawalipa wachimbaji thamani yake, ili mtu asione faida ya kuficha.

Bangili na mkono vikapelekwa makumbusho ya Kairo. Huko ofisa mmoja aliyesoma sana aliona dhahabu tu. Bangili moja aliikata akabakiza nusu. Mkono na kitambaa alivitupa. Leo mkono ule ungeweza kutuambia kama mwenyewe alikuwa mwanamume au mwanamke, na umri wake. Bangili zipo, mkono haupo. Sisi tulio katika elimu tunakisoma kisa hiki kwa aibu kidogo, maana wasiojua kusoma ndio walioitunza habari, na msomi ndiye aliyeitupa jaani.

Wafugaji wa Turkana

Wengi wetu tulifundishwa kwamba makaburi ya ajabu yako Misri tu. Siyo kweli. Magharibi ya Ziwa Turkana, Kenya, pana mahali paitwapo Lothagam. Wakati ule ule Misri inapata wafalme wake wa kwanza, watu wa Lothagam walikuwa wakizika wafu wao kwa heshima kubwa, lakini kwa namna nyingine kabisa.

Watu hao walikuwa wafugaji wa kwanza wa sehemu hiyo. Walikuwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mvua zilikuwa zikipungua na ziwa likirudi nyuma mwaka hata mwaka. Maisha yalikuwa ya wasiwasi, malisho yakihama, na jirani wa leo kesho hayupo. Katika hali hiyo walikusanyika wakajenga jukwaa la mawe, upana wake kama hatua 30 ndefu. Katikati walichimba shimo kubwa la kuzikia, na humo walizika watu wao kwa vizazi vingi, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Shimo lilipojaa waliliziba, wakasimamisha nguzo za mawe juu yake. Baadhi ya mawe hayo yalitolewa karibu kilometa moja.

Wataalamu, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichimba sehemu ndogo tu ya shimo hilo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Kwa kukadiria kutokana na sehemu ile, walisema wamezikwa humo watu wasiopungua 580. Wapo wanaume na wanawake, wazee na watoto wachanga.

Na karibu kila mmoja alikuwa na mapambo yake! Shanga za ganda la yai la mbuni. Shanga za mawe ya rangi, la kijani-buluu, la waridi, jeupe. Pete na bangili za meno ya kiboko. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno ya mbele ya panya wadogo wa jangwani. Wataalamu waliyahesabu yale meno: 405, kutoka panya wasiopungua 113. Je, ni nani aliyewinda panya 113? Siku ngapi zilitumika kutoboa na kupanga? Tunadhani hiyo ilikuwa kazi ya watu wengi kwa ajili ya mtu mmoja waliyempenda.

Sasa angalia jambo hili. Misri, katika kaburi la Mfalme Djer, mamia ya watumishi walizikwa kumzunguka, na wataalamu wengi wanaamini waliuawa ili wamfuate bwana wao. Lothagam hakuna mtu aliyewekwa mbali na wenzake, wala mmoja aliyelimbikiziwa huku wengine wakikosa. Mtoto ana shanga, mzee ana shanga. Kabla ya hapo, watu waliosoma walidhani kazi kubwa za mawe hufanywa tu pale penye mfalme wa kuamrisha. Shanga za Lothagam zimewalazimu kufikiri tena.

Lakini habari hii yote imejulikanaje? Hakuna hata herufi moja iliyoandikwa pale. Imejulikana kwa sababu kila ushanga ulikutwa penye shingo yake, mkono wake, kichwa chake. Kama zingegawanywa jioni moja kama zile za Maganzo, tungekuwa na debe la shanga na rundo la mifupa. Nani angejua kwamba mtoto naye alikuwa na zake?

Hapa kwetu

Tanzania nayo haikosi makaburi ya namna hiyo. Katika kreta ya Ngorongoro yamechimbuliwa makaburi ya kale ya wafugaji, yakakutwa mabakuli ya mawe na shanga. Na sisi wa Usukuma na Unyamwezi tunakijua kibangwa, kile kisahani cheupe cha kombe ya baharini ambacho wazee walikivaa shingoni au kwenye paji la uso. Kombe hiyo haipatikani Ziwa Viktoria. Ilitoka Bahari ya Hindi, ikatembea kwa miguu ya wapagazi mpaka huku. Kibangwa kimoja kikikutwa kaburini kifuani pa mtu kinatuambia kwamba mtu huyo, au kijiji chake, kilifikiwa na biashara ya pwani. Kikiwa kwenye mfuko wa mchuuzi hakituambii kitu. Anayetaka kuona mapambo ya watemi yaliyotunzwa vizuri aende makumbusho ya Wasukuma, Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza.

Watu wa Maganzo wanaijua faida ya habari ya kitu kuliko wengi. Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya waridi yenye karati 54.5. Dakta Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka huo alipoolewa. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya ua la almasi la kubandika kifuani. Tunayajua hayo kwa sababu yaliandikwa: mahali, mwaka, uzito. Jiwe lile lina barua yake. Ushanga wa ndugu yetu haukuwa nayo, na bei haukuwa nayo vilevile. Huo ndio ukweli tuliomwambia.

Tanzania inayo Sheria ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979. Anayegundua kitu cha kale anatakiwa atoe taarifa serikalini. Kuchimbua makaburi ya kale, au kupeleka vitu vyake nje ya nchi bila kibali, ni kosa. Tunaijua hofu ya wachimbaji: "Tukisema, shimo litafungwa." Hofu hiyo siyo ya kijinga, maana shimo ndilo ugali. Lakini mtu akikuta mifupa, asimamishe sururu upande ule. Asioshe kitu, asichomoe. Apime kwa hatua kutoka mti au jiwe kubwa mpaka pale, na kina cha shimo apime kwa mpini wa jembe. Aandike katika daftari: kichwa kinaelekea wapi, shanga ziko sehemu gani ya mwili, udongo wa juu una rangi gani. Kisha amwite mtendaji wa kijiji. Mifupa ikionekana ya juzijuzi, waitwe polisi. Kazi hii haihitaji chuo. Inahitaji mtu anayejua kuandika, na ninyi sasa mnajua.

Tulimwomba ndugu yetu akae chini, tukampa kalamu, tukamwambia aandike kila anachokumbuka. Alisema hakumbuki kitu. Akakaa kimya kidogo. Kisha akaandika kwamba kichwa kilielekea machweo, na mifupa ililala ubavu, magoti yamekunjwa. Akaandika tena kwamba shanga hazikuwa shingoni. Zilikuwa kiunoni, zimezunguka mistari mitatu.

Mama mmoja wa darasa alikuwa akisoma juu ya bega lake. Akasema, "Basi huyo alikuwa mwanamke."

Huenda ni kweli. Tumeiandika kauli yake chini ya maandishi ya ndugu yetu, pamoja na tarehe na jina la kijiji, na ushanga tumeushonea kwenye karatasi hiyo. Wale wenzake waliogawana, kama mnalisoma gazeti hili, leteni mlizo nazo na mseme mnachokumbuka. Mganga naye tunamkaribisha.